Pacha, GWAS, eksomu au alama za poligenia: njia ipi ya kutafuta jeni za magonjwa ya akili inakufaa wewe?

Binti mmoja anayesomea ubingwa wa magonjwa ya akili aliniletea pendekezo lake la utafiti, nilipitie upande wa takwimu kabla halijaenda kamati ya maadili. Wagonjwa 300 wa skizofrenia, watu 300 wa kulinganisha, na chini ya kichwa cha uchambuzi mstari mmoja tu: "Tutafanya GWAS." Yaani kuipekua jenomu nzima, DNA yote ya mtu, kutafuta herufi zinazohusiana na ugonjwa.

"Kwa nini GWAS, daktari?" nikamuuliza.

"Mwalimu, si ndiyo inayofanywa siku hizi?"

Tukafungua kompyuta tukapiga hesabu pamoja. Herufi moja ya DNA yenye mchango wa kawaida katika skizofrenia huongeza uwezekano wa kuugua kwa asilimia 10 hivi, na mara nyingi hata chini ya hapo. Tukachukua herufi ya namna hiyo, iliyopo kwenye kromosomu 30 kati ya kila 100. Kwa watu 600, nafasi ya utafiti wake kuinasa ilikuwa chini ya mara mbili katika milioni. Ili nafasi ifike asilimia 80, angehitaji wagonjwa karibu 20,000 na watu wa kulinganisha idadi hiyo hiyo. Aliitazama skrini kimya, kisha akauliza kama arudi nyumbani aanze upya. Nikamwambia hapana. Watu 600 waliohojiwa vizuri ni hazina, ila njia ya kuitumia hazina hiyo haikuwa ile aliyoiandika.

Nimeandika haya kwa ajili ya wenzake walio pale pale alipokuwa: madaktari, wanafunzi wa uzamili na wataalamu wa takwimu ambao wana sampuli, au wanatarajia kuwa nazo, na hawajui washike njia gani.

Vipimo vya kulinganishia

Kila njia nitaiuliza mambo manne yale yale. Inajibu swali gani? Maana kuuliza kama ugonjwa unarithiwa, kuuliza ni jeni ipi, na kuuliza mtu huyu ana hatari kiasi gani ni maswali matatu mbalimbali, na njia iliyo hodari kwa moja inaweza kuwa bubu kabisa kwa jingine. Inahitaji watu na vifaa gani? Inadanganya wapi? Na inamfaa nani?

Kuna jambo la tano linalotangulia yote, nalo ni uhakika wa utambuzi wa ugonjwa wenyewe. Mwaka 2013 muungano wa kimataifa wa watafiti wa jeni za magonjwa ya akili, PGC, ulichapisha uchambuzi wa sonona wenye wagonjwa 9,240, na hakuna hata sehemu moja ya jenomu iliyovuka mstari wa uhakika wa kitakwimu. Miaka miwili baadaye kundi la CONVERGE nchini China, likiwa na wagonjwa 5,303 tu, likapata sehemu mbili kwenye kromosomu ya 10. CONVERGE walikuwa wamechukua wanawake watupu, wa kabila la Han, waliolazwa au kutibiwa hospitalini kwa sonona kali iliyowarudia zaidi ya mara moja. Kwa maneno mengine, walikuwa wakitafuta jeni za kitu kimoja.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Kijana anafika hospitalini amechanganyikiwa, anasikia sauti, ametafuna miraa siku tatu mfululizo bila kulala, na utotoni aliwahi kuugua malaria iliyopanda kichwani. Ukimwandika "skizofrenia" kwa haraka ili idadi itimie, hakuna fomula duniani itakayokuja kukusafishia data hizo. Kama bajeti inakulazimisha kuchagua kati ya wagonjwa mia zaidi na wahojaji waliofunzwa vizuri kutumia dodoso sanifu la utambuzi, mimi ningewachukua wahojaji.

Njia mbili za kuaga kwa heshima

Kabla ya kulinganisha njia zilizo hai, nitaje mbili ambazo bado naziona kwenye mapendekezo.

Ya kwanza ni ya kufuatilia ukoo mmoja mkubwa wenye wagonjwa wengi, ukitafuta kipande cha kromosomu kinachotembea pamoja na ugonjwa. Kwa magonjwa ya jeni moja, kama ugonjwa wa Huntington, ilifanya kazi ya ajabu. Kwa magonjwa ya akili ilivunja mioyo. Mwaka 1987 ilitangazwa kwamba jeni ya ugonjwa wa hisia mseto (bipolar) imenaswa kwenye kromosomu ya 11 katika jamii ya Waamish wa Pennsylvania, Marekani. Kufika 1989, wanaukoo wawili watatu wakiwa wamebadilika hali na matawi mapya ya ukoo kuongezwa, ushahidi ulikuwa umeyeyuka.

Ya pili ni ya jeni teule: unachagua jeni moja unayoidhania, mara nyingi ile ya kisafirisha serotonini, unaipima kwa watu mia mbili tatu. Kwa miaka ishirini hivi makala zilimiminika. Mwaka 2019 jeni 18 mashuhuri za sonona zilipimwa upya kwa sampuli kubwa, nyingine zikizidi watu 440,000, na hazikuonyesha uhusiano zaidi ya jeni zilizookotwa tu. Uzuri wake ulikuwa unafuu, na unafuu huo ndio unaoifanya ipendwe bado. Leo sioni kamati ya maadili inayopaswa kuwaacha wagonjwa watobolewe mishipa kwa ajili yake.

Pacha, familia na watoto wa kulea

Swali lake. Katika jamii, wengine wanaugua na wengine hawaugui. Kiasi gani cha tofauti hiyo kinatokana na tofauti za jeni? Njia hii haikutajii jeni hata moja kwa jina. Inapima ukubwa wa mzigo bila kufungua gunia.

Hesabu yake inaingia kwenye kiganja. Pacha wa kufanana wana DNA moja, wasiofanana wanashiriki nusu kwa wastani, na wote wamelelewa nyumba moja. Tuseme uwiano wa hali fulani kati ya pacha wa kufanana ni 0.80, na kati ya wasiofanana ni 0.45. Toa, unapata 0.35. Zidisha kwa mbili, unapata 0.70: hicho ndicho kiwango cha urithi, asilimia 70. Siku hizi watu hutumia modeli zenye ufundi zaidi, lakini moyo wake ni huo.

Watu na vifaa. Hapa ndipo penye kazi. Mfano bora ninaoujua ni wa Denmark, uliochapishwa 2018: jozi zaidi ya 31,000 za pacha waliozaliwa kati ya 1951 na 2000, rejista ya pacha ikiunganishwa na rejista ya hospitali za akili ya nchi nzima. Kiwango cha urithi cha skizofrenia kilitoka asilimia 79. Lakini angalia namba nyingine katika utafiti huo huo: pacha mmoja wa kufanana akiugua, uwezekano wa mwenzake kuugua ulikuwa asilimia 33. DNA ile ile, tumbo lile lile, na bado wawili kati ya watatu hawakuugua.

Pasipo pacha kuna watoto wa kulea. Mwaka 1966 Leonard Heston aliwafuatilia huko Oregon, Marekani, watoto 47 wa akina mama wenye skizofrenia, waliotenganishwa na mama zao siku chache baada ya kuzaliwa. Watano waliugua skizofrenia. Katika 50 wa kulinganisha, hakuna hata mmoja. Utafiti mdogo, hauna kompyuta, na ulizima kwa sehemu kubwa dhana ya kikatili kwamba mama ndiye anayemtia mwanawe wazimu kwa malezi.

Inadanganya wapi. Kosa la kwanza liko kwa msomaji kuliko kwenye njia. Asilimia 79 haimaanishi kwamba asilimia 79 ya ugonjwa wa fulani imetoka kwa wazazi wake. Ni kipimo cha jamii fulani, wakati fulani. Mazingira yakibadilika, nacho kinabadilika. Kiwango cha Denmark hakihamishwi kuja Kilifi au Kigoma kama mzigo wa mitumba. La pili ni dhana kwamba pacha wa aina zote mbili wanalelewa kwa usawa. Wa kufanana huvishwa sare, huitwa kwa jina moja, hukaa dawati moja. Wakosoaji wanalitaja hilo kwa haki, ingawa tafiti zilizolipima hazikuona kwamba linabomoa matokeo.

Inamfaa nani. Nchi yenye rejista. Kwa sisi wengine, upande wa familia unabaki wazi: dodoso la ukoo lililofanywa kwa makini, ndugu wa tumbo moja, wazazi, nani aliugua, akiwa na umri gani. Halihitaji maabara.

GWAS: kupekua jenomu nzima

Swali lake. Ni sehemu zipi za jenomu ambako herufi za kawaida, zile wanazobeba watu wengi, zinatofautiana kati ya wagonjwa na wasio wagonjwa?

Unachukua DNA ya maelfu ya watu, chipu inasoma herufi laki kadhaa hadi milioni mbili na zaidi kwa kila mtu, na nyingine zinakisiwa kwa kulinganisha na jenomu zilizosomwa kikamilifu. Kisha kila herufi inapimwa peke yake kwa rigresheni ya lojistiki. Kwa kuwa ni kama kufanya majaribio milioni moja yanayojitegemea, thamani ya p (uwezekano wa kuona tofauti kama hiyo kwa bahati tu) ya 0.05 inagawanywa kwa milioni: mstari ni 0.00000005. Mstari huo uliwekwa kwa kuangalia jenomu za Ulaya. Jenomu za Kiafrika ni kongwe na vipande vinavyorithiwa pamoja ni vifupi, kwa hiyo majaribio yanayojitegemea ni mengi zaidi na mstari unapaswa kuwa mkali zaidi. Ufupi huo una faida kubwa: ukipata ishara, unaweza kukaribia herufi yenyewe badala ya kubaki na mtaa mzima wa herufi zinazotembea pamoja.

Mavuno yake yako wazi. Kwa skizofrenia, PGC walipata sehemu 108 mwaka 2014 na 287 mwaka 2022, mara hii wakiwa na wagonjwa 76,755 na watu wa kulinganisha 243,649. Na sehemu si namba tupu. Ile iliyo kwenye kromosomu ya 6 ilifuatiliwa hadi jeni ya C4, ya mfumo wa kinga, na mwaka 2016 ikaonyeshwa kwamba aina za jeni hiyo zinazoongeza hatari huzalisha C4A nyingi zaidi kwenye ubongo. Katika panya, C4 ilionekana kushiriki katika kupogoa viungo vya mawasiliano kati ya neva. Safari hiyo ilianza na nukta iliyochomoza kwenye grafu.

Watu na vifaa. Makumi ya maelfu. Ndiyo maana mradi wa NeuroGAP-Psychosis, unaohusisha Ethiopia, Kenya, Uganda na Afrika Kusini, ulilenga wagonjwa 17,000 na watu wa kulinganisha 17,000, ukiwa na vituo kama Eldoret, Kilifi na Makerere. Hakuna hospitali moja itakayofika huko peke yake. Kuhusu chipu au kusoma DNA moja kwa moja: jaribio lililofanywa kwa sampuli za mradi huo huo na kuchapishwa 2021 lilionyesha kwamba kuisoma jenomu kwa wepesi, kila herufi ikipitiwa mara nne kwa wastani, kunazishinda chipu zilizozoeleka kwa usahihi, kwa gharama inayokaribiana. Chipu nyingi zilichorwa kwa kutazama Wazungu. Ningekuwa naanza leo Afrika Mashariki, ningeomba bei ya njia zote mbili kabla ya kuagiza chipu.

Inadanganya wapi. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipoona watu wakiumia.

Chukua jeni ya seli mundu. Kilifi, ambako malaria imekaa vizazi na vizazi, watu kama 15 kati ya 100 wanabeba nakala moja. Katika nyanda za juu zisizo na malaria, wabebaji wake ni nadra. Sasa kusanya wagonjwa wako pwani kwa sababu ndiko kliniki iliko, na watu wa kulinganisha uwapate Nairobi miongoni mwa wanafunzi wenye asili ya nyanda za juu. Kompyuta itakuambia kwa uhakika mkubwa kwamba seli mundu inasababisha skizofrenia. Si kwamba imekosea hesabu. Umeiuliza pwani na bara zinatofautianaje, nayo imejibu. Tiba iko mwanzoni: mgonjwa na wa kulinganisha watoke eneo moja, makabila yao yarekodiwe bila aibu wala siasa. Baadaye unaingiza kwenye modeli mihimili mikuu ya tofauti za nasaba, au unatumia programu kama REGENIE, yenye rigresheni ya jenomu nzima, au SAIGE, yenye modeli mseto. Programu hizi zinasaidia pia pale wagonjwa wanapokuwa wachache mno kuliko wa kulinganisha. Kwa watu wa nasaba zilizochanganyika, kama wa miji ya pwani ambako DNA ya mifupa ya kale iliyochapishwa 2023 ilionyesha mchanganyiko wa Waafrika na Waajemi, kuna njia ya Tractor inayopima kila kipande cha kromosomu kulingana na asili yake.

Mtego wa pili ni mdogo kwa umbo. Ni kichupa cha mate. Mshiriki anaambiwa asile wala kunywa kwa nusu saa, kisha ateme mpaka mate yafike mstari. Niliwahi kukaa kwenye benchi na kijana aliyekuwa akitumia haloperidol pamoja na benzhexol, ile dawa ya kuzuia mikono isitetemeke. Benzhexol hukausha kinywa. Dakika ishirini zilipita, povu jeupe likiwa nusu ya kimo, na muuguzi akimwambia, "Pole pole, kaka, usijilazimishe." Dada wa kulinganisha aliyekaa kando yake alimaliza kwa dakika tatu. Kijana yule anatoa mate machache, mazito, yenye DNA haba zaidi, na sampuli kama yake zikipelekwa maabara kwa kundi lake peke yake, hitilafu ya usomaji itaonekana kama tofauti ya ugonjwa. Changanya wagonjwa na wa kulinganisha kwenye kila sahani ya maabara. Ni ushauri wa bure, na nimeona mradi ambao haukuufuata ukitupa mwaka mzima wa kazi.

Inamfaa nani. Aliye ndani ya muungano mkubwa, au aliye tayari kuingia. Mwenye watu 600 peke yake asijaribu, wala asifikirie kwamba atakwepa kwa kukadiria kiwango cha urithi kutoka kwenye herufi: kwa kanuni ya mkono ya watumiaji wa GCTA, programu ya kazi hiyo, kosa sanifu ni takriban 316 ukigawanya kwa idadi ya watu. Kwa watu 600 hiyo ni 0.53, kwenye kipimo kinachoanzia 0 kuishia 1.

Eksomu na mabadiliko adimu

Swali lake. Je, kuna jeni ambazo zikiharibika vibaya, hata kwa watu wachache sana, zinaongeza hatari kwa kiasi kikubwa?

Eksomu ni sehemu ya jenomu inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini, karibu asilimia moja hadi mbili ya yote. Mabadiliko makali yanayoangukia hapo ni adimu, maana wenye nayo mara nyingi hupata watoto wachache. Kwa kuwa kila badiliko linaonekana kwa mtu mmoja au wawili, huwezi kulipima peke yake. Kwa hiyo unajumlisha: katika jeni hii, wagonjwa wangapi wana badiliko lolote lenye kuharibu, na wasio wagonjwa wangapi? Hilo ni jaribio la mzigo. Ukihisi kwamba ndani ya jeni moja mengine yanadhuru na mengine yanakinga, jumla inajifuta yenyewe, na hapo jaribio liitwalo SKAT, lililotoka 2011, linafaa zaidi. Jeni ni kama 20,000, hivyo mstari ni 0.0000025, mlegevu kuliko wa GWAS.

Mwaka 2022 muungano wa SCHEMA, wenye wagonjwa 24,248 wa skizofrenia na watu wa kulinganisha 97,322, ulitaja jeni 10, kama SETD1A na GRIN2A, ambazo kuharibika kwake kunazidisha uwezekano wa kuugua kati ya mara 3 na mara 50. Linganisha na ile asilimia 10 ya GWAS. Lakini wenye mabadiliko hayo ni wachache mno, wagonjwa wengi hawanayo. Na kutoka Afrika Kusini, mwaka 2020, utafiti wa Waxhosa, wagonjwa 909 na watu wa kulinganisha 917, ulionyesha kwamba wagonjwa wana mabadiliko adimu yenye kuharibu mengi zaidi, hasa katika jeni za mawasiliano ya neva. Sampuli hiyo ni ndogo mno ikilinganishwa na ile ya SCHEMA, lakini ilisema jambo la maana kwa sababu iliuliza kuhusu makundi ya jeni badala ya jeni moja moja, na kwa sababu jenomu za Kiafrika zina utofauti mwingi. Nilipoisoma mara ya kwanza nilifurahi kama mtu aliyepokea barua kutoka nyumbani.

Watu na vifaa. Bei ya kila sampuli ni kubwa kuliko ya chipu, na kuhifadhi data kunahitaji seva ya kweli. Kuna namna ya watoto inayoomba watu wachache zaidi: baba, mama na mtoto mwenye usonji au ulemavu wa akili wanasomwa pamoja, na unatafuta herufi mpya ambazo wazazi wote wawili hawana. Kila mtoto huzaliwa na herufi mpya 60 au 70 hivi. Huko Iceland mwaka 2012 ilionekana kwamba kila mwaka wa umri wa baba huongeza karibu mbili. Kilifi na Cape Town, mradi wa NeuroDev umefuata watoto wa namna hii.

Inadanganya wapi. Badiliko linaweza kuonekana adimu kwa sababu tu hakuna aliyewahi kusoma watu wa kwenu. Hifadhi za kimataifa za kulinganishia zina Wazungu wengi mno, kwa hiyo herufi isiyo na madhara, ya kawaida kwa Wamijikenda, inaweza kuingia kwenye orodha ya "hatari". Dawa ni kuwa na watu wa kulinganisha wa kwenu. Na katika utafiti wa baba, mama na mtoto, uzoefu unasema baba ndiye hapatikani: yuko safarini, yuko Ghuba kikazi, au hatajwi. Wakati mwingine DNA itafichua kwamba aliyeletwa siye baba mzazi. Amua kabla ya kuanza, na uandike kwenye fomu ya ridhaa, kwamba taarifa hiyo haitatolewa kwa mtu yeyote. Nyumba zinavunjika kwa jambo hili.

Inamfaa nani. Daktari wa watoto mwenye kliniki ya ukuaji. Kundi lenye wagonjwa wakali walioanza kuugua mapema au wenye ulemavu wa akili pamoja na saikosisi, yaani kupotewa na uhalisia. Na mtafiti anayetaka jeni yenye jina, ya kupeleka kwa wanabiolojia.

Alama za poligenia na ndugu zake

Swali lake. Kwa kuwa herufi zenye mchango mdogo ni maelfu, zikijumlishwa kwa mtu mmoja zinasema nini? Na je, magonjwa mawili yanashiriki jeni zile zile?

Unachukua matokeo ya GWAS kubwa ambayo PGC wameyaweka wazi, unazidisha kila herufi kwa uzito wake, unajumlisha. Wazo lilithibitishwa kwa skizofrenia mwaka 2009. Ndugu yake, rigresheni ya LDSC ya mwaka 2015, haihitaji DNA ya mtu hata mmoja, inafanya kazi kwa majedwali ya matokeo peke yake. Imeonyesha kwamba skizofrenia na ugonjwa wa hisia mseto zinashiriki sehemu kubwa ya jeni, jambo linaloitikisa mipaka tuliyojifunza darasani. Ndugu wa tatu, urandomishaji wa Kimendeli, hutumia jeni kama kura ya kubahatisha ili kuuliza kama bangi, kwa mfano, inaleta saikosisi, au kuelekea saikosisi ndiko kunakompeleka mtu kwenye bangi. Ushahidi umejitokeza pande zote mbili.

Watu na vifaa. Kompyuta ya mapajani, intaneti ya kuaminika na subira. Hakuna njia nyepesi kuliko hii kwa bajeti.

Inadanganya wapi. Alama hazisafiri vizuri. Uchambuzi wa 2019, uliopima sifa mbalimbali za mwili na damu, ulionyesha kwamba usahihi wake kwa watu wa asili ya Afrika ulikuwa chini kwa karibu mara 4.5 kuliko kwa watu wa Ulaya, kwa sababu uzito ulikadiriwa Ulaya. Hata huko Ulaya kwenyewe, alama ya skizofrenia ya 2022 ilieleza asilimia 7 hivi tu ya tofauti za hatari. Wastani wa alama ukiwa juu au chini katika kabila fulani haumaanishi chochote kuhusu nani ana wazimu mwingi. Hilo nalisema kwa sauti, kwa kuwa najua linavyoweza kutumika vibaya na wasiotutakia mema. LDSC nayo inataka majedwali ya mpangilio wa herufi yanayolingana na nasaba ya sampuli. Ya Ulaya juu ya data za Afrika yatakupa namba nzuri isiyo na maana.

Inamfaa nani. Mtaalamu wa takwimu asiye na sampuli lakini ana swali. Mwenye sampuli ya mamia anayetaka kujua kama alama za sasa zinafanya kazi kwa watu wake. Haimfai daktari anayetaka kumwambia mgonjwa aliye mbele yake atapona au hatapona.

Kwa hali yako

Una wagonjwa mia tatu nne na muda wa uzamili. Weka nguvu kwenye utambuzi na dodoso la ukoo, kusanya mate kwa utaratibu wa muungano mkubwa ili sampuli zako ziweze kuunganishwa, na swali lako la takwimu liwe moja: alama za poligenia zilizopo zinatofautisha wagonjwa na wasio wagonjwa hapa kwetu kwa kiasi gani? Jibu hafifu nalo linachapishika, mradi uonyeshe upana wa kosa. Yule binti alifanya hivyo. Pendekezo lake jipya lilikuwa na kurasa nne za namna ya kuhoji na nusu ukurasa wa fomula, na kamati ililipitisha.

Uko kwenye hospitali ya rufaa inayoona maelfu kwa mwaka. Ingia GWAS, na anza na wa kulinganisha kabla ya wagonjwa: watoke vijiji vile vile, wajaze kichupa kwenye benchi lile lile. Ridhaa ni sehemu ya takwimu. Mshiriki ambaye hakuelewa atajitoa, na wanaojitoa hawafanani na wanaobaki. NeuroGAP-Psychosis waliwauliza washiriki maswali ya kupima kama wameelewa. Ni desturi ya kuiga.

Una kliniki ya watoto wenye usonji au kuchelewa kukua. Eksomu ya baba, mama na mtoto, hata kwa familia chache. Hapa ndipo matokeo yanaweza kumrudia mgonjwa mwenyewe kama jibu.

Una kompyuta na ujuzi wa R, lugha ya kompyuta ya takwimu, basi. Majedwali ya PGC yako wazi usiku huu.

Na kama wewe si mtafiti, ila ni mzazi au ndugu uliyesoma hadi hapa kwa sababu kuna mtu nyumbani anaumwa na watu wa upande wa mchumba wameanza kuchunguza ukoo: hakuna kipimo cha poligenia cha kununua kitakachokujibu, na anayekuuzia anachukua pesa yako bure. Katika jamii kwa ujumla, skizofrenia humpata karibu mtu mmoja kati ya 100. Mtoto mwenye mzazi mmoja mgonjwa, karibu mmoja kati ya kumi. Maana yake tisa kati ya kumi hawaugui. Hali moja ndiyo ya kutafutiwa kipimo: mgonjwa aliyezaliwa na tatizo la moyo au mdomo uliopasuka ndani, akachelewa darasani, kisha akaanza kusikia sauti ujanani. Huyo mwombe daktari afikirie upungufu wa kipande cha kromosomu ya 22 kiitwacho 22q11.2. Humpata mtoto mmoja kati ya 4,000 hivi, na karibu robo ya wenye nao hupata saikosisi ukubwani. Kipimo chake kinajulikana, na kikithibitika, moyo, kalsiamu na kinga yake vinapaswa kuangaliwa mwaka huo huo.